Usiutupe Tena Mwiko wa Bibi

Kitindamimba wangu,

Mafuta ya juzi nimeyachuja, yamo kwenye chupa ya kioo. Yamimine kwenye mashine ya kukaangia, yasipite mstari wa juu. Viazi vifute maji kwanza, tusije tukawaita zimamoto.

Asubuhi nilikufokea kwa sababu ya mwiko ulioutupa. Ukanijibu, "Mama, mashine ina taa ya kuonyesha mafuta yamepata moto!" Kweli, inayo. Lakini marehemu bibi yako alikuwa akichovya mpini wa mwiko huo kwenye mafuta, mapovu yakiuzunguka ananiambia, "Haya tia, mvivu wangu." Taa haijawahi kuniita mvivu.

~~Usiuguse kabisa.~~ Nimeuokota, nimeuosha, uko hapa mezani. Taa ikiwaka, ukaushe, uuchovye hata hivyo. Ukiona mapovu, ujue bibi naye kakuita mvivu.

Mama