Michembe Ndani ya Tarumbeta

Shikamoo Mayu,

Mimi na tarumbeta langu la besi tumefika Arusha salama.

Lakini mama yangu! Nilikuomba ulijaze matambara tu mdomoni, lisibonyee kwenye ndege. Wewe, kwa kuwa mtu hatoki kwetu Didia mikono mitupu, ukalishindilia michembe! Pale uwanjani Mwanza mashine ikaonyesha vipande vigumu tele. Askari akaniuliza ninakotoka. Nikasema Geita, maana ndiko ninakofanya kazi. Basi, kusikia mji wa migodi, wakajua wamekamata dhahabu ya magendo! Wakanizunguka, wakaniamuru nitoe mwenyewe. Nikazamisha mkono hadi begani, nikaibuka na viazi vyako vikavu. Mkubwa wao akatafuna kimoja, akafumba macho. “Ng'wanawane, mwanangu,” akaniambia, “mama yako ni Msukuma kweli.” Kisha akajaza mfuko wa suruali.

Matarumbeta ya wenzangu wa bendi yamefika yamebonyea. Langu halina hata alama, na mwalimu wa bendi anakusifu kila tukikaa.

Nimekukumbuka sana. Msalimie pacha wangu Doto. Ila niambie, wakati wa kurudi nilijaze nini, ikiwa michembe yote bendi wameimalizia kwenye chai?

Mwanao,
Kulwa