Gunia la Nyuma ya Stoo

Kiamunyi, Nakuru
Jumatano, 9 Julai

Kwa mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umpe Baba zake kabla hajatoka kwenda kukamua. Je, mguu wake umepata nafuu? Na wewe, kifua hakikusumbui na baridi hii ya Julai? Mimi ni mzima. Yale maziwa ya mursik uliyonipa tuliyamaliza na Jerop chumbani kwetu kwa siku mbili, na chupa nimeiosha.

Najua utashangaa kupata barua na simu ipo. Lakini simu yako huiweka kwa sauti ili nyumba nzima isikie, na haya si ya nyumba nzima. Tafadhali isome peke yako, na uisome kabla ya mkutano wa Jumamosi.

Hapa chuoni tuna somo la kutafuta habari na kuzipima. Anayetufundisha ni Madam Namalwa, mkuu wa maktaba. Ni mpole, lakini haamini kitu. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza umeiona au umeambiwa. Anasema kila neno tulifuate nyuma: nani alilisema kwanza, aliona au alisikia, na nani anafaidika likiaminiwa. Kisha akatupa kazi. Kila mmoja achague jambo ambalo watu wa kwao wanaliamini, alifuate mpaka mwanzo wake.

Mimi nilichagua la Mama Kui, kwamba mbegu zake za viazi ndizo zilizoleta ugonjwa wa mnyauko kwetu. Nilijua kikundi chenu cha wakulima wa viazi kitamwondoa Jumamosi, na kwamba mwenye shamba amesema kikundi kikimkataa, naye hatamkodishia tena. Basi atahama. Unajua mambo ya huko kwetu, jinsi maneno madogo yalivyowahi kuhamisha watu.

Kumpigia mtu mzima simu, kwangu mimi ni kama kusimama mbele ya kanisa. Niliandika maswali kwenye karatasi nikamsomea Jerop kwanza. Nilianza na Kiarie, kwa sababu ndiye niliyemshuku. Anauza mbegu pale senta, na wateja waliomkimbia Mama Kui wamekwenda kwake. Tena ujumbe wake ndio uliosambaa kwenye grupu la WhatsApp, ule wenye picha ya kiazi kilichokatwa kinachotoa utomvu mweupe. Kiarie alinicheka. Aliuliza kama siku hizi chuo kinafundisha upolisi, na kama nitakuja na pingu. Lakini alijibu. Picha aliitoa kwenye mtandao, na maneno aliyapata kwa Shangazi Jepkemboi. Madam alinionyesha jinsi ya kutafuta picha ilikotoka, nikakuta ni ya nchi nyingine, ya miaka sita iliyopita. Nilifurahi sana. Niliona nimemkamata.

Shangazi naye alisema hakuna haja ya kuuliza, kila mtu anajua. Nikamshuku pia, maana tangu wagombane na Mama Kui kuhusu sare za kwaya hawajasalimiana vizuri. Nilipomwomba jina moja tu la aliyemwambia, akanitajia Baba Kibii, ambaye viazi vyake vimenyauka kama vyetu.

Baba Kibii alinijibu polepole. Alisema hajawahi kununua mbegu kwa Mama Kui, yeye hupanda zake mwenyewe. Ugonjwa ulianzia upande wa juu wa shamba lake, kwenye ua wetu, baada ya ile mvua kubwa ya Mei iliyoteremsha maji kutoka kwetu. Na habari za Mama Kui aliambiwa na wewe, mlipokuwa mkipeleka maziwa.

Niliandika majina yote kwenye karatasi, nikachora mishale. Yote ilirudi kwenye mlango wetu. Nisamehe, Mama, nilikushuku hata wewe. Nilikumbuka kwamba shamba analokodi Mama Kui linapakana na letu, na kwamba Baba amelitamani siku nyingi. Nilikaa na wazo hilo siku mbili, nikashindwa hata kupokea simu yako ya Jumapili.

Madam aliitazama karatasi yangu, akasema, "Watu kumi wakinukuu mdomo mmoja, Chemutai, bado ni mdomo mmoja." Kisha akaniuliza, na mama yako aliambiwa na nani? Nikasema sijui. Nilimdanganya.

Ni mimi, Mama.

Mwezi wa pili uliponituma na punda kununua mbegu kwa Mama Kui, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalikuwa yametoka. Alikuwa mwalimu wangu wa shule ya Jumapili, na alikuwa amewaambia watoto wote kwamba mimi nitapata A, nami sikuipata. Nilipofika kwenye geti nikasikia akina mama wakichagua mbegu na kucheka, nikajua ataniuliza mbele yao. Nilimpitisha punda mpaka njia panda, palipokuwa na lori la watu nisiowajua wakiuza mbegu. Hao hawakuniuliza chochote. Nilinunua kwao, na uliponiuliza, nikasema nimetoka kwa Mama Kui.

Viazi viliponyauka ukasema ni mbegu zake, nilinyamaza. Baadaye niliposikia wengi wanalalamika, nilitulia moyoni. Nilijiambia kumbe zake nazo ni mbovu kweli. Sasa najua hao wengi wote walikuwa uongo wangu ukinirudia kwa sauti za watu wengine.

Usiniamini kwa sababu mimi ni mwanao. Nimekwisha kukudanganya mara moja. Nenda nyuma ya stoo, kwenye gunia la mbegu zile, ulilofunikia kuni. Mama Kui hushona magunia yake kwa kamba ya katani, na mwishoni hufunga mafundo mawili. Lile lilishonwa kwa nailoni ya buluu, na kipande chake bado kinaning'inia mdomoni. Tazama mwenyewe. Wewe ndiye katibu wa kikundi, na wewe ndiye utakayesoma jina Jumamosi. Kama ni lazima jina liandikwe, andika langu.

Barua hii anakuletea Jerop kesho. Mimi nitafika Jumamosi asubuhi, kabla ya maombi ya kufungua mkutano. Sijui kama sauti itatoka, lakini nimeandika nitakachosema kwenye karatasi. Ni sentensi nne.

Nisalimie Baba, Shangazi, na Baba Kibii. Ukikutana na Mama Kui, msalimie pia. Gredi yangu usimwambie. Nitamwambia mwenyewe.

Mwanao anayekupenda,
Chemutai