Bega linalomwinua Baba

Usinipigie, Mama na Baba wote wawili wapo hapa nje ya chumba cha daktari. Wewe soma tu.

Kano za bega la Mama zimekatika kabisa. Ni huko kumwinua Baba kitandani tangu apooze.

Daktari anasema kuna njia mbili. Kuzishona, ila kwa umri wake huenda zikakatika tena. Au kumwekea kiungo cha bandia: maumivu yatapungua na mkono utainuka, lakini vitu vizito avisahau.

Mama hata hakuuliza habari za kisu. Aliuliza, "Ipi itaniwezesha kumgeuza mzee wangu?"

Hakuna. Na yoyote atakayochagua, mkono utafungwa kifuani wiki kadhaa.

Nikasema nitamgeuza mimi. Mama akanicheka. "Wewe? Baba yako anakuonea haya. Ukimshika anajikaza kama ubao."

Halafu akamwambia daktari, kwa sauti ile ile ya kuagiza sukari dukani: "Basi bega tuliache mpaka mzee atangulie. Nikishamzika, nitakuja unishone."

Na Baba alikuwa palepale. Kwenye kiti chake cha magurudumu, ubavuni mwa Mama. Tulimleta kwa kuwa hatuna wa kumwachia. Mama amezoea kumsemea, akasahau kwamba anasikia.

Palepale, jamani. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba akamshika Mama goti, akasema polepole, "Mpangie tarehe ya karibu, daktari. Sitamchelewesha."

Sasa hivi Mama anamfunga Baba vifungo vya koti kwa mkono mmoja. Kifungo cha juu kimemshinda, na hataki nimsaidie.