Mbuzi ya Mama

Msambweni, Jumapili, baada ya magharibi

Nilijua siku moja ataiulizia. Dada Mwanasha amekuja leo na nazi tatu, ana hamu ya wali kama wa marehemu mama. "Ile mbuzi ya mama ya kukunia nazi iko wapi?"

Nikajifanya nagonga chuma, sisikii. Akauliza tena.

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Sanamu niliyoiunda ya mwanamke aliyeketi: mgongo ni ubao wa ile mbuzi, shingo ni ule ulimi wake wa chuma. Ilinunuliwa, iko Ulaya, kwenye jumba la maonyesho. Ndiyo iliyonipa jina. Na vyuma chakavu vilijaa uani hapa! Ningeokota chochote. Nikaenda kuchukua ile.

Nilingoja anigombeze. Aliitazama sana, kisha akaniuliza taratibu, "Meno yake bado makali? Nani huyanoa huko?"

Hakuna, dada. Huko hakuna anayeikalia.

Tumepikia tui la pakiti. Dada hakumaliza sahani yake, nami sikumaliza yangu.

Tupa ya mama ya kunolea bado ilikuwa dirishani, palepale alipoiweka. Nimeishika tangu dada alipoondoka, na sina cha kunoa.