Magoli Niliyokusimulia, Mama

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mdomo wangu haujui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Nakuandikia nikiwa nyumbani Kirua, kwenye kibaraza cha jikoni ulikopenda kuchambulia maharage. Mguu wa kulia nimeunyoosha juu ya kigoda. Ni miezi minne tangu tukuzike pale chini kwenye migomba, karibu na Baba. Kahawa imeanza kuiva. Ng'ombe wako amezaa, ndama jike, na Mama mdogo Elinipa anamkamua huku akimgombeza vilevile ulivyokuwa ukimgombeza wewe. Wiki za mwanzo, kila mlango wa jikoni ulipolia, ng'ombe alikuwa anageuza kichwa. Siku hizi hageuki tena. Sijui kwa nini hilo liliniuma kuliko mambo mengine mengi.

Leo mchana nakwenda Moshi mjini kulazwa, kesho napasuliwa goti. Lilelile la kulia. Ni mara ya tatu, Mama. Mara mbili za kwanza tulikuwa wote. Hii ya tatu nilikuficha, na ndiyo maana naandika.

Unaikumbuka ya kwanza? Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nachezea timu ya wanawake ya mjini, na wewe ulikuwa hujawahi kuangalia mechi hata moja. Ukaja moja kwa moja kutoka kanisani, na sare yako ya kwaya na mwavuli mkononi. Dakika ya ishirini nikapokea mpira, nikageuka. Mwili ukageuka, mguu ukabaki. Nikasikia kitu kinakatika ndani kama kijiti kikavu. Nilipofumbua macho nilitegemea kumwona refa, nikaona mwavuli. Refa akakuambia kwa adabu, "Mama, hairuhusiwi kuingia uwanjani." Ukamjibu, "Na mwanangu kuumia, hiyo imeruhusiwa?" Wachezaji wa timu zote mbili walicheka. Hata mimi nilicheka huku nalia. Ukanifunika na ule mwavuli mpaka machela ilipofika, wakati jua lenyewe halikuwepo.

Baada ya upasuaji ukanilea kama mwanamke aliyetoka kujifungua. Mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori jioni, na maziwa katikati. Mama Aika, jirani yetu, akasikia kwamba nyumbani kwetu kunapikwa mtori kila siku, akaja na khanga ya zawadi. Akakaa, akanywa chai, mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Na mtoto mmemlaza wapi?" Ulicheka mpaka ukashika nguzo. "Mtoto ndiye huyo," ukamwambia, "ana miaka kumi na tisa." Khanga hukuirudisha.

Ya pili iliniumiza zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshafika Dar, nacheza ligi, jina langu linatajwa redioni. Goti likakatika tena. Ukapanda basi Himo alfajiri na mkungu wa ndizi na dumu la maziwa, ukafika wodini jioni miguu imevimba kuliko wa kwangu. Kocha akaja kuniuliza nitarudi lini. Kabla sijafungua mdomo ukamwambia, "Kocha, miguu hiyo nilimzaa nayo. Timu imeikuta." Akainamisha kichwa. "Ndiyo, mama." Ukakaa na mimi wiki tatu ukinihesabia mazoezi kama unafundisha kwaya: "Moja, mbili, usiniibie, rudia." Ilichukua karibu mwaka. Nikarudi, nikafunga.

Halafu ukaanza kuumwa tumbo.

Mama mdogo akahamia hapa kukuuguza. Mwezi uleule, kwenye mazoezi ya asubuhi, niliruka kupiga kichwa. Hakuna aliyenigusa. Niliposhuka goti likakimbilia pembeni, nikajua kabla sijafika chini. Nikiwa nimelala pale kwenye nyasi, kabla hata ya maumivu, niliwaza jambo moja tu: Mama asijue.

Jumapili ukapiga simu ukitoka ibadani. "Jana mmecheza?" Nikasema tumecheza. "Mmeshinda?" Nikasema tumeshinda, mbili kwa moja. Ningeishia hapo. Lakini ukauliza, "Nani kafunga?" na sauti yako ilikuwa nyembamba sana, Mama, kama inatoka chumba cha tatu. Nikasema, "Mimi." Ukapiga kigelegele, kikakatika katikati, ukakohoa, ukacheka.

Basi. Kuanzia Jumapili ile nikawa nafunga kila wiki. Magongo yameegemea ukuta, mimi nimekaa kitandani nafunga kwa kichwa, kwa mguu wa kushoto, kwa penalti. Pasi zote alinipa Zuhura, winga wetu, niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja. Mwenyewe alikuwa amekaa pale pale akinisikiliza. Siku moja akaninong'oneza, "Leo punguza. Mama atashangaa mbona hujaitwa timu ya taifa." Tulicheka, Mama, sitakuficha. Lakini simu ikishakatika Zuhura alikuwa ananiuliza, "Nyumbani unakwenda lini?" na mimi nilikuwa nageukia ukutani. Ningekuja, ungeniona nikitembea. Ukasema, "Njoo basi hata siku mbili." Nikasema ligi imebana.

Nilikuja Mama mdogo aliponiita. Nilifunga goti kwa bendeji chini ya gauni refu, nikayaacha magongo kwa Mama Aika, nikaingia nikishika ukuta. Nikakaa ukingoni mwa kitanda chako ili usione hatua zangu. Tulikuwa pamoja siku tatu. Alhamisi, kwenye saa nne asubuhi, mvua ikipiga mabati, ukaondoka ukiwa umenishika kidole gumba, si mkono, kidole gumba tu.

Nisamehe. Ningeweza kukaa na wewe miezi miwili mizima na magongo yangu. Nilikuletea magoli badala ya kuja mwenyewe.

Baada ya mazishi sikuweza kuubeba uongo ule. Nilimweleza Mama mdogo yote, pale jikoni, akiwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya. Akaniuliza, "Wewe ulifikiri hajui?"

Kumbe wiki ya pili tu ulimuuliza mwalimu wa kwaya, yule anayefuatilia ligi ya wanawake kwenye simu yake. Akakuambia jina langu halipo kikosini, wameandika kwamba nimeumia goti. Mkarudi nyumbani. Kisha ukamwambia Mama mdogo, "Msimseme. Anasimulia vizuri." Na kila Jumapili ukishaweka simu chini ulikuwa unamsimulia yeye lile goli upya, ukimwonyesha kwa mkono mpira ulipopita. Anasema kuna siku ulilalamika, "La leo halijanoga. Alikuwa na haraka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakukasirikia, siku mbili nzima. Sikushuka hata kaburini. Kwa nini hukuniambia, "Manka, acha, njoo na goti lako bovu"? Ungesema neno hilo moja ningepanda basi siku ileile. Hasira imepita sasa. Nadhani uliogopa nikija tutaanza kuaga. Mimi niliogopa hilohilo.

Sasa nikueleze nilipo. Daktari wa hapa Moshi ni mtu mpole, anaongea taratibu. Alinionyesha picha. Kano imekatika tena, na ule mto laini ulio kati ya mifupa umelika vibaya. "Una miaka ishirini na sita," akaniambia, "lakini goti hili lina hamsini." Anaweza kulitengeneza nitembee vizuri, nipande mlima huu wa kuja kwetu, nibebe majani ya ng'ombe. Nikamuuliza habari ya mpira. Akavua miwani. "Hapo sitakuahidi."

Wiki iliyopita kocha akapiga. Mkataba wangu unaisha na anapanga kikosi. "Manka, niambie ukweli. Msimu ujao upo?" Zamani ningemwambia, miezi sita tu, kocha. Nilifungua mdomo kusema hivyo, nikashindwa. Nikasema, "Sijui, kocha. Na hata nikirudi, sitaki kuchomwa sindano ya kuficha maumivu ili nimalize mechi." Akasema, "Nafasi yako nitampa mwenzako. Ukipona njoo, ila utakuja kwenye majaribio kama wengine wote." Nikamshukuru. Nikaingia banda la ng'ombe nikalia, ndama akawa ananilamba kiwiko kana kwamba kina chumvi. Labda kilikuwa nayo.

Nataka kucheza, Mama. Acha niseme hivyo wazi, kwa sababu watu wananifariji kama vile nimeshaacha. Tangu nina miaka kumi na mbili sijui kitu kingine. Nikipita barabarani bado wananiuliza, "Manka, lini tena?" Maumivu nimeyazoea. Ninachoogopa ni siku watakayoacha kuniuliza. Nimeamua goti nitalipatia mwaka mmoja, mazoezi yote, bila kujiibia. Likikubali, nitakwenda kwenye majaribio nikapange foleni na mabinti wa miaka kumi na saba. Likikataa, nitalia, halafu nitatafuta cha kufanya. Sijui ni nini. Leo sitaki kujifanya najua.

Zuhura anakuja kesho na basi kuniuguza. Anasema hajawahi kula mtori maisha yake yote na hataki kufa kabla hajauonja. Mama mdogo ameshachagua mkungu, na ameshamwonya Mama Aika asije akauliza tena habari za mtoto.

Gari limefika, nasikia wanaita huko barabarani. Nimeoga, nimekula, begi limefungwa. Naogopa kidogo.

Kuna jambo sijakuambia. Mama mdogo siku hizi anashika kiuno akipanda kutoka mtoni, na nikimuuliza anasema hana kitu. Namtazama kama nilivyopaswa kukutazama wewe. Nakuahidi hivi, Mama: siku akiniita, iwe nacheza, iwe nimeacha, iwe nimeumia mara ya nne, nitakuja vyovyote nilivyo. Nitaingia na magongo yangu mawili mlangoni, na nitatembea mbele yake mpaka kitandani, aone.

Kwaheri, Mama yangu. Lala vizuri karibu na Baba.

Mwanao,
Manka