Filamu Tuliyoiachia Mwanzoni

Mama,

Nimeketi kwenye kiti chako karibu na jiko, kwa sababu hakuna mwingine anayekitaka, na nje mvua ya Elburgon inanyesha vile huwa inanyesha, bila haraka yoyote. Tangu tukuzike nimekuwa nikikusemesha kichwani. Leo nimeona niandike, maana nikikusemesha kichwani unanijibu, na majibu yako yote ni ya kumtetea kijana wako Njoroge. Kwa barua angalau nitamaliza kusema.

Nianze na habari za hapa. Ule mti wa plamu uliangushwa na upepo ukalalia choo cha jirani, na jirani hajanisemesha tena. Cherehani nimeitoa sokoni nikaileta chumbani kwako. Dirisha lako ndilo lenye mwanga mzuri kuliko yote nyumbani, na ni wewe tu ambaye hukuwa unautumia. Najua hapo ungecheka. Njoroge alipoambiwa alisema ni kukosa heshima.

TV yetu ndogo bado iko, lakini siiwashi. Naweza kuvumilia katikati ya filamu, hata mwisho. Mwanzo ndio unaonishinda. Picha ya kwanza ikitokea, mdomo wangu unafunguka wenyewe nikuambie, halafu nakumbuka.

Ulinifundisha kutazama mwanzo wa filamu ukiwa tayari kipofu. Kabla ya hapo tulikuwa tunatazama kama watu wengine, wewe ukichambua maharagwe, mimi nikishona vifungo. Presha ya macho ilipochukua jicho lako la pili nikadhani mambo ya filamu yameisha nyumbani kwetu. Jioni moja niliwasha nikapunguza sauti kabisa, nisikuumize roho. Ukasema, "Ongeza. Halafu uniambie."

Nikakuambia ni filamu nzuri, kuna mlima mzuri, kuna mama mrembo. Ukanikatiza. "Wambui, usiniambie ni nzuri. Niambie ni nani yuko hapo, mikono yake inafanya nini, na anaogopa nini."

Nikatazama tena. Yule mama alikuwa anafua shati la mwanamume. Alitia mkono mfukoni, akatoa hereni moja ndogo ya mwanamke. Akaiangalia. Akaangalia mlango. Akairudisha mfukoni, akaendelea kufua shati na hereni ikiwa ndani. Nilipokuambia hayo ukavuta blanketi juu ya magoti. "Huyo anajua, na mzee wake hajui kwamba anajua," ukasema. "Sasa hapa mimi siondoki." Na hakuna mtu aliyekuwa amesema neno.

Tangu siku hiyo ikawa kazi yetu. Zile zilizoanza na magari kulipuka ulizifukuza. "Wanaua watu ambao hata hatujasalimiana nao. Nitawalilia aje?" Zile zilizoanza na sauti nzito ikieleza maisha ya mtu tangu kuzaliwa ulizifukuza pia. "Huyu anatusomea wasifu na maiti haijapatikana." Mimi nilikuwa napenda zile zinazoanza na barabara ndefu na gari dogo likija kutoka mbali. Tulibishana sana juu ya barabara hizo. Ulisema gari likija kutoka mbali ni mtu wa kamera anatafuta la kufanya. Mimi nilisema unapata muda wa kujiuliza ni nani anakuja. Hatukuwahi kukubaliana, na bado nasema ulikosea.

Ni wakati huo uliponisimulia habari ya kiwanda cha mbao alikofanya kazi babu. Kalasinga mwenye kiwanda alikuwa anatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa stoo Jumamosi jioni, anawaonyesha wafanyakazi filamu za kwao India, watu wote wameketi juu ya magogo. Wewe ulikuwa msichana. Filamu ikianza tu, babu alikuwa anakutuma nyumbani ukapike, na kaka zako wanabaki. Kwa hiyo uliona mianzo mingi sana, na mwisho hukuona hata mmoja.

Kuna mmoja ambao ulinisimulia mara nyingi. Mzee yuko kwenye stesheni ya reli, peke yake. Ananunua chai vikombe viwili. Kimoja anakiweka kando yake kwenye benchi, anakifunika na sahani kisipoe. Treni inakuja, watu wanashuka, treni inaondoka. Mzee anakunywa chai yake pole pole, halafu anafunua kile kingine, anakinywa nacho. Hapo ndipo babu alikuashiria uende. Kaka zako waliporudi ukawauliza kile kikombe kilikuwa cha nani. Wakasema, "Walipigana tu, wakaimba," wakaomba ugali.

Ulisema mwanzo mzuri unakupa kitu cha kushika mkononi, na ukishakishika huwezi kukiweka chini mpaka ujue ni cha nani. Uliyasema hayo ukicheka. Mimi sikucheka siku hiyo, na sasa hata sioni kicheko kilikuwa wapi. Ulikuwa umezeeka, Mama, na hakuna mwanamume mmoja katika nyumba yenu aliyekuwa amejisumbua kukuambia kile kikombe kilikuwa cha nani.

Halafu Njoroge akaja kukuchukua.

Alikuja wakati wa ile baridi kali, akasimama hapo mlangoni na viatu vyake vya Nakuru. Akasema Elburgon inakuumiza kifua, kwamba kwake kuna joto na madaktari wako karibu. Hakudanganya, na hilo ndilo linaloniudhi. Nilikuangalia nikingoja useme hapana. Ukasema, "Ni kijana wangu, Wambui. Akiniita nitaenda." Ukaomba sweta yako ya kanisani. Ulitoka ukitabasamu, umemshika mkono, na hukugeuza uso upande wangu. Najua ungesema kwamba kipofu kugeuza uso hakuna maana. Kwangu ingekuwa na maana. Mimi ndiye niliyekupikia, nikakuosha, nikakuongoza chooni asubuhi kwenye umande, lakini aliyekuita ni yeye, kwa hiyo ukaenda.

Akakununulia TV iliyojaza ukuta. Alinipigia simu kunieleza ukubwa wake. Asubuhi yeye alikwenda kazini, mkewe Mama Tasha akaenda dukani kwake, watoto shuleni, wewe ukaachwa mbele ya ukuta huo ukikuongelesha Kiingereza mpaka jioni. Uliniambia kwa simu, "Hapa wananiwekea sauti, lakini hakuna mtu wa kuniambia." Nikakuuliza kama umemwambia Njoroge. Ukasema, "Kijana anachoka, mwache."

Tukatafuta njia yetu. Jioni nikifunga kazi nilikuwa nawasha hii ndogo, natia diski ya filamu, nakupigia, nakusimulia mwanzo peke yake, kwa sababu mkono wako ulikuwa unachoka kushika simu. Nadhani zile zilikuwa jioni zangu bora kuliko zote. Nilikuwa nikipika naharakisha, nisikucheleweshe.

Ya mwisho unaikumbuka. Msichana ameegemea mlango kwa mgongo, yuko ndani. Nje kuna mtu anabisha, si kwa nguvu. Msichana anakula mkate.

"Anakula?" ukaniuliza. "Anakula aje, haraka ama pole pole?"

"Pole pole. Na anaokota makombo kwenye nguo yake."

"Basi hamwogopi huyo mtu. Anamngojesha." Nilisikia umesogea kwenye kiti. "Mlango umefungwa na kufuli ama ni yeye anaushikilia?"

Nilikuwa naangalia nikujibu, ndipo nikasikia Mama Tasha. "Shosho, hiyo simu imekuwa moto, leta niichaji. Na watoto wanasoma."

Ukasema, "Ngoja kidogo, nauliza kitu."

Hakungoja. Simu ilikatika, na jioni zilizofuata nilipiga nikapata mteja hapatikani. Nikampigia Njoroge.

"Mathe anaongea sana kwa simu," akasema. "Presha inapanda. Amewekwa apumzike."

"Nani amesema presha inapanda kwa sababu ya kuongea?"

"Wambui, tafadhali. Niko kazini."

Nilikuwa nimepanga kuja Jumapili baada ya kanisa. Ijumaa mchana akanipigia, akaniita jina langu lote, la ubatizo na la baba, na hapo nikajua. Msichana wa kazi ndiye aliyekukuta. Ulikuwa kwenye kiti, mikono imelala mapajani, na TV ikiendelea kuongea.

Kanisani walisema ulipenda sana kutazama TV. Watu wakatabasamu kwa upole. Mchungaji aliendelea na mengine, na hakuna aliyesema kwamba ulikuwa na akili kali.

Njoroge alikuwa ameleta watu wa video kwenye mazishi. Ilipokuwa tayari alituita Nakuru tuitazame pamoja, jamaa wote, kwenye ule ukuta wake. Nilienda. Mama Tasha alitugawia soda. Video ikaanza na mawingu. Kamera inashuka kutoka angani, inapita juu ya misonobari, juu ya mabati yetu, kwaya inaimba, na jina lako linajiandika kwa herufi za dhahabu, moja moja. Halafu akatokea Njoroge na suti, anatembea pole pole kando ya ua kama mtu anayekagua shamba. Wewe ulikuwa bado hujatokea. Nikaweka soda chini nikasimama.

"Unaenda wapi na hata haijaanza?" Njoroge akauliza.

"Imeanza. Ndiyo maana naenda."

Alinifuata mpaka kwenye ngazi. Akafunga mlango nyuma yake watu wasisikie.

"Shida yako ni nini, Wambui? Nimefanya kila kitu. Nilimleta kwa madaktari. Nilimnunulia TV kubwa kuliko yangu ya kwanza na ya pili zikiunganishwa."

"Alikuwa kipofu, Njoroge."

"Najua alikuwa kipofu."

"Uliwahi kuketi naye ukamwambia hata kitu kimoja kilichokuwa kwa hiyo TV? Kimoja tu."

Alishika chuma cha ngazi. Nilidhani atanifokea. Akasema, "Mimi sijui kuongea kama wewe. Nilikuwa nikiketi naye nakosa la kusema. Nikaona afadhali TV imsemeshe."

Mama, nilitaka awe mtu mbaya kabisa. Ingenisaidia. Alisimama pale na shati lake la kupigwa pasi akafanana na wewe kwa mdomo, vile ulivyokuwa ukiubana ukizuia kulia, na mimi bado nilitaka kumwumiza. Nikamwambia, "Simu ilikuwa yake. Mlimnyang'anya kitu kimoja alichokuwa nacho." Nikashuka. Nyuma yangu sikusikia mlango ukifunguliwa; alibaki pale nje.

Filamu ile ya msichana na mkate niliimaliza jioni nilipotoka kukuzika, peke yangu, na gauni la mazishi likiwa bado mwilini. Mlango haukuwa na kufuli. Aliyekuwa akibisha ni mama yake, aliyekuwa amemwacha kwa watu akiwa mdogo. Sasa umejua. Msichana alimfungulia mwishoni kabisa, lakini hakumpa kiti. Ungesema ni mwisho mbaya. Mimi niliuona sawa.

Juzi Njoroge alinipigia. Tulizungumza juu ya mvua, na bei ya mbegu za viazi huko Kuresoi. Halafu akasema, "Ile filamu mlikuwa nayo siku ile, siku ya simu. Inaitwa aje? Nataka kuiona."

Jina nalijua. Nikamwambia sikumbuki.

"Sawa," akasema, lakini hakukata. Nilimsikia akipumua. Kwake kulikuwa kimya, hakuna TV, hakuna watoto. Nadhani alikuwa kwenye gari. Mimi ndiye niliyekata. Tangu hapo amepiga tena na tena, na simu nimeiacha ilie juu ya kitambaa mpaka inyamaze.

Basi nakuaga, Mama. Kuna sare za shule za kumaliza kabla ya Jumatatu, na mwanga unapungua. Sikuambii kwamba nimemsamehe, kwa sababu sauti yangu ulikuwa unaijua na ungejua nadanganya. Hata wewe sijakusamehe yote. Pumzika hivyo hivyo. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo: Njoroge akipiga tena, nitashika. Sijui nitamwambia nini. Pengine nitamwacha aongee yeye, tusikie kama anaweza.

Binti yako,
Wambui