Fomu ya Kwenda Barafuni

Columbus, 8 Februari 2025

Bibi yangu Veridiana,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Louisville? Mimi mzima, ila usingizi umenihama kwa furaha. Profesa Hamamura, yule Mjapani ninayefanya naye kazi hapa chuoni, amenipendekeza niende nao kwenye kituo chao, kusini kabisa mwa dunia, mwaka mzima. Tutachimba barafu ya zamani. Ndani yake kuna hewa iliyofungwa kabla ya babu wa babu zetu, na wao wanaipima wajue hali ya hewa ilikuwaje. Mwenzake anajaribu vyuma visivyopasuka kwa baridi. Mwingine, mtu wa mambo ya utawala, anachunguza tu jinsi watu thelathini waliofungiwa pamoja wanavyogawana kazi bila kugombana!

Kuna fomu ya afya. Wanauliza magonjwa ya wazazi. Baba Gaspari yuko salama huko Buffalo. Mama alikufa kwa malaria kambini, sivyo? Nijibu haraka.

Mjukuu wako,
Fides

Louisville, 15 Februari 2025

Mjukuu wangu Fides,

Marahaba, na Bwana asifiwe. Anayeniandikia ni Florida, jirani wa ghorofa ya chini hapa mtaani Beechmont, yule anayeimba sauti ya pili akidhani ni ya kwanza. Anacheka. Andika, Florida, kucheka utacheka kwako. Magoti yapo. Juzi nimepanda basi, dereva kaondoka sijakaa, nikamkalia mzee mmoja Msomali, akasema karibu mama. Watu wazuri bado wapo.

Sasa hao Wajapani. Huyo wa kuchunguza watu waliofungiwa angekuja kambini kwetu Mtabila, tulipokuwa wakimbizi! Turubai moja, watu kumi na moja, sufuria moja. Ningemsimamisha kwenye foleni ya bomba mpaka saa sita, angerudi kwao na kitabu kizima. Na barafu, mimi nagombana nayo kwenye ngazi kila asubuhi, naimwagia chumvi, wewe unapanda meli kuitafuta? Hewa ya zamani wanaitakia nini? Tuliivuta, haikuwa tamu.

Fomu andika malaria. Kule wote walikufa kwa malaria. Usiandike mengi, karatasi haina shukrani.

Umekonda kwenye picha. Isombe, kisamvu chetu, nimekuwekea kwenye friji.

Bibi yako,
Veridiana

Columbus, 1 Machi 2025

Bibi,

Shikamoo, na Florida msalimie. Fomu nimeipeleka, nimepita hatua ya kwanza! Wiki ijayo wananiita kwa mahojiano. Profesa ametueleza ukweli wa kule: meli ikishaondoka, hakuna meli wala ndege kwa miezi minane. Daktari ni mmoja. Ndiyo maana wanauliza sana mambo ya moyo na damu ya ukoo. Akasema, "Mtu akianguka, tunaye huyo daktari na Mungu."

Mbona hukunipongeza?

Mjukuu wako,
Fides

Louisville, 5 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Hujambo. Salamu zitakuwa fupi. Siku mbili hizi naosha vyombo vilivyo safi. Nikikaa nasimama, nikisimama nasahau nilitaka nini. Florida nimemwapisha kwa Biblia yake mwenyewe. Andika, dada, usiniangalie hivyo.

Mama yako si mke wa Gaspari. Mama yako anaitwa Spesi. Kibanda chake kiligusana na chetu, kamba ya kuanikia nguo ilikuwa moja. Msichana mrefu, mcheshi. Mume alirudi ng'ambo ya mpaka kutafuta ndugu zake, hakuonekana tena. Spesi alikuwa na tabia ya kuanguka. Anaongea, anaanguka, anaamka, anacheka. Aliniambia mama yake naye alikuwa hivyo, siku moja akaangukia shambani, asiamke. Basi siku moja naye Spesi yuko kwenye foleni ya maji, ndoo mkononi, kaanguka. Sisi tunangoja acheke. Alikufa ana miaka ishirini na miwili.

Wewe ulikuwa na wiki tano. Gaspari na mkewe walikuwa wamemzika binti yao mchanga siku tisa kabla. Fides. Hatukuwa tumemfuta kwenye kadi ya rasheni. Nani alikuwa anafuta? Mahindi ya mtoto ni mahindi. Mke wa Gaspari maziwa yanamwagika, analia. Nikakubeba, nikakuweka kifuani pake. Karani alipopita kuhesabu akauliza, "Fides?" Nikasema, "Huyu hapa." Basi. Hakuna aliyekaa akapanga uongo. Kadi ilikuwa na nafasi, wewe hukuwa nayo.

Aliyekunyonyesha ndiye aliyekufa kwa malaria. Hilo nilisema kweli.

Lakini miezi minane bila ndege! Nenda wakupime moyo kwanza. Ukinichukia, nichukie ukiwa hai.

Bibi yako,
Veridiana

Louisville, 2 Aprili 2025

Mjukuu wangu Fides,

Habari ya siku nyingi. Sanduku la barua nalifungua mpaka kifuniko kimelegea. Gaspari amepiga simu kutoka Buffalo. "Mama, miaka ishirini na mitano mimi ni baba, unanivua kwa barua moja?" Simu nikaiweka mezani, nikaenda kuosha vyombo. Florida alidhani simu imekatika.

Sikuulizi kitu kingine. Umepimwa?

Bibi yako,
Veridiana

Columbus, 19 Aprili 2025

Bibi,

Shikamoo. Sikuandika kwa sababu kila nikianza nilikuwa natukana.

Nilikwenda. Walinibandika nyaya kifuani siku mbili. Kuna kasoro kwenye mapigo, nimezaliwa nayo. Daktari akauliza, "Kwenu kuna mtu alikuwa anaanguka?" Nikasema mama yangu, na mama yake. Mara yangu ya kwanza kusema hivyo, nikamwambia mgeni. Nitakunywa dawa maisha yote. Barafuni siendi, nafasi amepewa mwingine. Profesa Hamamura aliinama mbele yangu kwa adabu ya kwao, akasema vipande vya barafu vitaletwa hapa nivipime mimi. Nilitoka bila kuaga.

Wiki ya kwanza nilikuchukia kwa kusema. Ya pili, kwa kuchelewa. Baba ananipigia kila siku, anauliza tu kama gari lina mafuta.

Ijumaa nakuja. Usialike watu wa kanisa. Utaniambia ya Spesi yote, lakini anza na yule mtoto. Alizikwa upande gani wa kambi? Alikuwa na siku ngapi? Jina lake nimelivaa maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniambia alikuwepo.

Mjukuu wako,
Fides